Ukipeleka wageni kuona mbwa mwitu wa Ethiopia, usimharibie windo lake

Vijana wenzangu wa Tanga mnaotembeza wageni Amani na Mkomazi, mkipata safari ya Ethiopia naomba msome hii kabla hamjapanda milima ya Bale. Mbwa mwitu wa kule sio hawa wetu wenye mabaka wanaotunzwa Mkomazi, yule ni mwekundu, koo jeupe, miguu mirefu, na dunia nzima wamebaki kama 500 tu, zaidi ya nusu wako hapo Bale.

Barabara ya kutoka Goba inapita juu kwenye uwanda wa Sanetti, mita 4,000 na ushee, endesha taratibu maana wanagongwa. Ukimuona simama, zima injini, mkae humo humo ndani. Hamna honi, hamna mluzi ili ageuke apigwe picha, na droni iacheni hotelini.

Hapo kwenye kushuka ndo nataka mnielewe. Wanaishi kwa makundi lakini kila mmoja anawinda peke yake, mchana, na chakula chao karibu chote ni panya na fuko, yale mafuko makubwa ya kule yanachomoza kichwa shimoni yanazoa majani kidogo yanarudi chini, sasa mbwa mwitu ananyemelea tumbo limegusa nyasi, anasimama, anatega sikio, anasogea tena, inaweza kuchukua muda mrefu sana. Wewe ukishuka na viatu vyako puu puu fuko limeshazama, na yeye amebaki na njaa kwenye baridi ya usiku inayogandisha maji. Kuna mgeni nilimkatalia kushuka akaninunia, tukakaa kimya kama nusu saa, akaona windo lote mwanzo mpaka mwisho, aliponigeukia machozi yanamlenga.

Watoto wanazaliwa Oktoba mpaka Desemba hivi, na kwa kawaida kwenye kundi jike mmoja tu ndo anazaa. Mkiona shimo chini ya mawe na watoto wanacheza, ondokeni, wakisumbuliwa wanahamishwa na njiani ndo wanapata shida. Kwetu tunasema waja leo waondoka lini, pale shimoni unaondoka sasa hivi.

Mifupa na makombo rudini nayo, msitupe hata kipande, yanavuta mbwa wa wafugaji na hao mbwa ndo wanaleta kichaa na distempa (ugonjwa mwingine wa mbwa). Kichaa cha mbwa kiliwapiga vibaya Bale mwaka 1991, kikarudi 2003, tena 2008, makundi yakapukutika, ndo maana kuna watu wanazunguka vijijini kuchanja mbwa.

Na mkikuta mbwa mwitu anayumba au amekufa msimguse, wekeni alama ya mahali mumwambie askari wa hifadhi siku hiyo hiyo, msisubiri mpaka mshuke mjini.