Kabla ya kuwakamata sungura wanaozurura mtaani Goma

Sungura wa kufugwa akitoroka hapa Goma hachimbi shimo refu, maana chini ni mwamba wa lava. Hujipenyeza chini ya nyumba za mbao na kwenye nyufa za kuta za mawe, kisha hutoka alfajiri na jioni kula lenga-lenga (mchicha) na maharage ya majirani. Kumkimbiza mchana na kundi la watoto ni kazi bure: atazidi kuingia ndani.

Anza na swali la mwenye sungura ni nani. Watu wakihama ghafla, kama volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, anayebeba watoto na godoro hawezi kubeba na vizimba. Sungura unayemwona hana mtu huenda ni minervali, yaani karo ya shule, ya watoto wa mama fulani. Mwulizeni chefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), mpite nyumba za karibu, na mkubaliane mapema atakayewatunza. Bila makubaliano hayo, afadhali msikamate hata mmoja.

Vizimba viwe viwili au zaidi, madume mbali na majike tangu jioni ya kwanza. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, na siku hiyohiyo anapozaa anaweza kupandwa tena. Ukiwachanganya usiku mmoja tu, umeongeza tatizo ulilotaka kulimaliza.

Kabla ya kumhamisha jike, mgeuze taratibu umtazame tumbo. Chuchu zikiwa zimevimba na manyoya yamenyofolewa kuzizunguka, ana watoto mahali fulani. Tafuteni rundo la nyasi lililochanganyika na manyoya, mara nyingi chini ya mbao palipo pakavu. Mama huwanyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kwa dakika chache, kwa hiyo watoto walio peke yao hawajatupwa. Ukimchukua yeye ukawaacha, watakufa njaa, na hilo linaniuma kuliko bustani kuliwa.

Mtego wa sanduku uwekwe palepale wanapokuja kula, mlango ukiwa umeshikiliwa wazi kwa kamba siku kadhaa, ndani majani ya viazi vitamu. Wakishazoea ndipo uutege. Sumu isitumike kabisa: kuku, mbwa na watoto wanashiriki ua mmoja, na nyama ya sungura aliyekufa inaweza kuishia chunguni.

Asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio, maana akirusha miguu hewani anaweza kujivunja mgongo. Kumfunika kitenge humtuliza. Vaa mikono mirefu, na mkwaruzo uoshwe kwa maji na sabuni.

Wala msiende kuwaachia upande wa hifadhi ya Virunga. Australia iliachia sungura wachache huko Victoria mwaka 1859, na hadi leo inahangaika nao. Sungura asiyepatikana mwenyewe apewe mfugaji mwenye kizimba imara, chenye waya usio na tundu na komeo linalofunga.