Namna ya kutuma zawadi ng'ambo kutoka Mtwara bila mpokeaji kudaiwa ushuru

Mara ya kwanza nilipomtumia shemeji yangu aliyeko Leicester boksi la korosho, doti mbili za kanga na kinyago cha mpingo, niliandika katika fomu ya forodha maneno mawili tu, "zawadi mbalimbali", nikaacha nafasi ya thamani wazi kwa kudhani kwamba zawadi haina bei. Boksi lilifika salama, lakini kabla ya kukabidhiwa, shemeji alitakiwa kulipa kodi iliyokadiriwa na maofisa wa huko pamoja na ada ya kulishughulikia boksi lenyewe, na jumla yake ikazidi bei niliyonunulia vitu vyote sokoni. Aliniambia kwa upole, lakini nilielewa. Tangu hapo nimejifunza kwamba deni la mpokeaji huanzia hapa kwetu, kwenye kaunta ya posta, wakati mtumaji anapojaza fomu kwa haraka ili asikose gari la kurudi Tandahimba au Nachingwea.

Kabla ya kununua chochote, fahamu kikomo cha nchi unakotuma, kwa sababu msamaha wa zawadi hutofautiana sana. Uingereza husamehe zawadi isiyozidi paundi 39, nchi za Umoja wa Ulaya yuro 45, Kanada dola 60 za Kanada, na Marekani dola 100 kwa mpokeaji mmoja kwa siku. Australia ina nafasi kubwa zaidi, dola 1,000 za kwao, ingawa ukaguzi wake wa mbao na mazao ni mkali kuliko wa wengine. Wapo ambao bado wanautegemea ule msamaha wa Marekani wa dola 800. Msamaha huo, uliohusu bidhaa za kila aina, ulisimamishwa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, na kwa mtu anayemtumia ndugu yake kilichobaki ni huo wa zawadi wa dola 100.

Inafaa pia kujua kinachotokea kikomo kinapovukwa. Kanada hutoza ile sehemu iliyozidi tu, kwa hiyo zawadi ya dola 70 haina madhara makubwa. Katika Umoja wa Ulaya kitu kimoja hakigawanywi: kinyago cha yuro 50 hutozwa kodi kwa thamani yake yote, wala huwezi kusema kwamba yuro 45 za kwanza zisamehewe. Kwa kuwa thamani hubadilishwa kuwa fedha ya nchi ile kwa kiwango chao, nami sipendi kubahatisha, huacha pengo la kama sehemu moja ya kumi chini ya kikomo.

Zawadi, kwa maana ya forodha, ni kitu kinachotoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, mara moja moja, bila malipo yoyote. Kama shemeji amekutumia fedha kwa simu umnunulie kilo tano za korosho, hayo ni manunuzi hata kama mnapendana kiasi gani, na hayastahili msamaha huu. Kwa sababu hiyo hiyo, anwani ya mtumaji iwe jina lako na sanduku lako la posta, si la duka wala la ofisi, na usitumie boksi lenye chapa ya kampuni ya korosho, kwa kuwa ofisa akiliona atadhani ni biashara.

Familia ikiwa kubwa, kuna njia halali ambayo wengi hawaitumii. Uingereza na Marekani huruhusu boksi moja kubeba zawadi za watu kadhaa, kila mmoja akihesabiwa kikomo chake, ilimradi kila zawadi imefungwa peke yake, imeandikwa jina la mwenyewe, na imeorodheshwa peke yake katika fomu. Kwa hiyo doti ya kanga ya dada, mkoba wa ukili wa binti yake na korosho za shemeji hufungwa mafungu matatu ndani ya boksi moja. Ukikusanya vyote katika mfuko mmoja, umeitupa nafasi hiyo mwenyewe. Kwa Marekani, usitume maboksi mawili kwa mtu yule yule siku moja, maana yakifika pamoja huhesabiwa pamoja. Pisha wiki mbili tatu.

Sasa fomu yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii. Kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 hujaziwa fomu CN 22, na furushi kubwa zaidi hujaziwa CN 23, na zote mbili zina kisanduku cha zawadi ambacho lazima kitiwe alama. Kutia alama peke yake hakutoshi. Eleza kila kitu kwa jina lake, idadi, uzito na thamani, na uandike kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa sababu mtu wa forodha wa Frankfurt hajui doti ni nini wala ukili ni nini. Badala ya "nguo", andika vipande viwili vya kitambaa cha pamba. Badala ya "chakula", andika korosho zilizokaangwa, kilo moja. Thamani iwe bei uliyolipa kweli, na kama kinyago umekichonga mwenyewe au mkeka umesukwa na mama, andika bei ambayo kitu kama hicho huuzwa sokoni. Sifuri huzua shaka, na ofisa mwenye shaka hufungua boksi na kukadiria mwenyewe, aghalabu kwa bei za maduka ya kwao. Kupunguza bei kwa makusudi ni udanganyifu ambao adhabu yake humwangukia mpokeaji. Zaidi ya hayo, ukilikatia bima boksi la dola 40 kwa dola 200, karatasi zako zenyewe zitakusuta. Andika kwa herufi zinazosomeka, maana karani huingiza taarifa hizo kwenye kompyuta na zinatangulia kufika kabla ya boksi, na usisahau namba ya simu ya mpokeaji.

Msamaha wa kodi hauwi ruhusa ya kuingiza kila kitu. Ming'oko mibichi (viazi vya porini), mabibo na mbegu huhesabiwa kuwa mimea na huweza kuzuiwa bila cheti cha afya ya mimea, na samaki wakavu wana masharti yao. Korosho zilizobanguliwa, zikakaangwa na kufungwa vizuri huleta usumbufu mdogo kuliko zenye maganda. Uraka, ile pombe ya mabibo, tafadhali, uache unywewe huku huku. Magamba ya kasa yasiguswe kabisa, hata yakiwa kwenye pambo la zamani la bibi.

Mpingo una habari yake, na wanaotuma vinyago vya Wamakonde wanapaswa kuijua. Tangu tarehe 2 Januari 2017 mti huu, pamoja na karibu jamii yake yote, umo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kwa miaka kadhaa watu waliogopa hata kutuma kifimbo. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa, na vitu vilivyokamilika havihitaji kibali cha mkataba huo iwapo mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kinyago cha kawaida hakifiki huko, lakini gogo au ubao ambao haujachongwa haumo katika nafuu hiyo. Kagua pia matundu ya wadudu, hasa kwa mzigo wa Australia.

Zawadi ikivuka kikomo na huwezi kuipunguza, kampuni kubwa za kusafirisha vifurushi hukubali mtumaji alipie ushuru na kodi mwenyewe, ukieleza hivyo wakati wa kukabidhi mzigo. Ni ghali, na kwa kanga mbili haina maana, lakini kwa zawadi ya harusi mimi naona ni heshima zaidi kuliko kumwacha bibi harusi aitafute pochi mlangoni.

Ukishatuma, piga picha ya fomu na risiti umpelekee mpokeaji kwa simu, na umwombe asitupe boksi wala lebo yake. Akidaiwa kimakosa nchini Uingereza kwa mzigo uliopita posta, anaweza kulipa, kisha akajaza fomu BOR286 kudai arudishiwe, na picha yako ya risiti humsaidia kuthibitisha thamani.