Kupogoa miti ya uwani: someni kabla hamjaniuliza

Kila embe zikisha naulizwa yale yale: nikate lini, nikate wapi. Naandika mara moja.

Wakati: mwembe hukatwa mara tu baada ya mavuno, masika hayajakolea. Ua la embe hutoka kwenye ncha ya tawi, na ncha hiyo sharti iwe imekomaa. Ukikata Machi, mvua zinaleta machipukizi, nayo kipupwe kikiingia yako tayari kutoa maua. Ukikata Juni, umekata embe zako.

Vifaa: msumeno wa miti, mkasi wa kupogolea, kamba, ngazi. Panga liache ndani, linachana gome. Futa meno ya msumeno kwa spiriti kila ukihamia mti mwengine.

1. Toa matawi makavu na yenye ugonjwa.

2. Toa yanayosuguana na yanayoelekea ndani.

3. Tawi nene kuliko kifundo cha mkono usilikate kwa pigo moja. Hapa niliwahi kuvuruga, kwa hiyo someni taratibu. Msumeno ukifika katikati, tawi hujivunja kwa uzito wake na kushuka na gome la shina, kama ndizi inavyomenywa. Kidonda kile hakifungi upesi; maji yanaingia na uozo unafuata. Kata mara tatu. Kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Pili kwa juu, sentimita 5 mbele ya hapo kuelekea nchani, mpaka tawi lianguke. Tatu ni kisiki: tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama pete. Kata nje yake tu. Ukila pete umeondoa sehemu inayofunga kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza. Usipake rangi wala oili chafu. Na vaa mikono mirefu, utomvu wa mwembe unababua.

4. Usizidishe robo ya majani kwa mwaka.

5. Gome lililozoea kivuli lipake chokaa nyepesi lisiungue na jua.

MASUALI

— Mwembe nikate mwezi gani?
Imo juu, ndugu yangu.

— Mbona mimi natumia panga siku zote na mti uko hai?
Uko hai. Kachungulie yale makovu baada ya masika, kisha urudi.

— Tawi limelalia waya wa umeme. Nipande na kamba?
Usipande! Waite ZECO, shirika la umeme la Zanzibar.

— Mchungwa wangu wa kupandikiza una vijiti virefu vya miba chini kabisa. Ndiyo matawi mapya?
Umefanya vyema kuuliza, bibi. Tafuta kiungo, pale gome linapobadilika. Vilivyo chini yake ni vya mti wa shina, ule uliopandikiziwa mchungwa wako, havitakupa chungwa lako. Ving'oe kwa mkono vingali laini. Vikikatwa kwa mkasi hurudi viwili viwili.

— Niko Wete, mkarafuu umeegemea paa. Nao vile vile?
La. Karafuu nazo hutoka nchani, ukipunguza sana umejinyima. Toa makavu na lile linalogusa paa tu, kwa kukata mara tatu.

— Na asumini?
Huo hauna makuu, maua yake yanakuja kwenye chipukizi jipya. Punguza theluthi maua yakipungua, kisha mwagia maji.

— Majani mimi siyachomi, natandaza chini ya mti.
Sawa kabisa, ila yaache shubiri moja mbali na shina. Yakiligusa, mchwa wanapanda.