Kumpeleka Babu au Bibi Kuzikwa Nyumbani: Mwongozo kwa Wajukuu Walioko Dar es Salaam

Simu ya kwanza baada ya msiba ipigwe kijijini, kabla ya kumtafuta mwenye gari. Muulize baba mkubwa, shangazi au yeyote anayeshika boma maswali matatu: kaburi litachimbwa wapi, litakuwa tayari lini, na gari linafika mlangoni au linaishia njiani? Saa ya maziko hupangwa na majibu hayo. Safari nyingi huharibika kwa sababu kamati ya mjini imetangaza siku na saa, kisha watu wanafika na kukuta vijana bado wanachimba, shimo likiwafika kiunoni.

Mwongozo huu ni kwa wanaosafirisha mwili kwa barabara. Familia za Kiislamu mara nyingi huzika siku hiyo hiyo, palepale mauti yalipotokea, na hapo wajukuu husafiri baadaye kwa ajili ya hitima. Mengi ya hapa hayatawahusu.

Karatasi

Kifo kikitokea hospitali, hospitali ndiyo inayotoa tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Kikitokea nyumbani, nenda kwa mtendaji wa mtaa au kata ukiwa na kitambulisho cha marehemu, NIDA ikiwepo. Hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wazee wengi wana jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la mtaani, na kosa dogo hapa hugeuka mzigo mkubwa wakati wa mirathi. Omba pia kibali cha kusafirisha mwili kwenda mkoa mwingine, na karatasi ya mochwari inayoonyesha kuwa mwili umewekwa dawa.

Toa nakala tatu za kila karatasi. Halisi zikae na mtu aliyepanda gari lenye mwili, kwa sababu hilo ndilo litakaloulizwa njiani. Zikiwa kwenye Coaster iliyotangulia kilomita 80 mbele, mtasubiri.

Walioajiriwa wasiogope kuomba ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa kifo cha ndugu wa karibu, na imewataja babu na bibi. Siku hizo ni za jumla kwa mzunguko wa miezi 12, si 4 kwa kila msiba, na mwajiri anaweza kudai uthibitisho. Piga picha kibali cha mazishi kabla ya kuondoka.

Mwili na sanduku

Kwa safari inayozidi saa tano au sita, mwili uwekwe dawa ya fomalini. Jokofu pekee halitoshi. Mwili uliopozwa tu huanza kubadilika ndani ya saa chache ukitoka kwenye baridi, na tambarare za Korogwe hadi Same zina joto kali mchana. Waambie watu wa mochwari siku ya kuzika na urefu wa safari, nao watapima dawa kulingana na hayo. Dawa hiyo inawasha macho na koo, kwa hiyo waliokaa karibu na sanduku wafungue madirisha.

Nguo zipelekwe siku moja kabla: suti au gauni lililozidi saizi moja (mwili huwa mgumu na wakati mwingine umevimba), nguo za ndani, soksi, shuka mbili nyeupe, pamba, mafuta, marashi na boksi la glavu. Ndugu wawili wa jinsia ya marehemu wawepo wakati wa kuosha na kuvisha. Kabla ya sanduku kufungwa mmoja wao atazame uso na kuthibitisha. Ni sekunde chache, na huondoa kosa ambalo hakuna familia inayolisahau.

Pima sanduku likishanunuliwa, upana ukiwa pamoja na vishikio vyake. Mara nyingi vishikio huongeza sentimita 8 hadi 12, na ndivyo hugoma mdomoni mwa kaburi. Tuma vipimo hivyo kijijini kwa ujumbe wa maandishi, usitegemee kukumbukwa kwa mdomo. Mkitumia ndege, uliza kwanza vipimo vya mlango wa mizigo, ndipo ununue sanduku.

Kaburi

Hapa ndipo pa kuweka akili na pesa mapema. Shimo la kawaida lisilojengewa ni urefu wa futi 7, upana futi 3 na kina futi 6. Likijengewa kwa matofali ya inchi 5, ukuta na lipu hula karibu futi moja ya upana na futi moja ya urefu, kwa hiyo chimbeni futi 8 kwa 4 ili ndani zibaki futi 7 kwa 3. Mafundi wengi wanajua hili, ila vijana wa kujitolea huchimba kwa kipimo walichozoea, halafu fundi anakuja kujenga ndani yake na nafasi inakwisha.

Vijana sita wakipokezana humaliza siku moja kwenye udongo laini. Kwenye miteremko yenye mawe, kama vihamba vingi (mashamba ya ukoo) vya Kilimanjaro, ongeza siku nzima na uwe na mtaimbo na nyundo. Ukuta upate angalau siku moja kukauka. Mifuniko ya zege isimwagwe asubuhi ya maziko: itavunjika mikononi. Imwagwe siku tatu kabla, vipande vitano vyenye nondo, kila kimoja kibebwe na watu wanne.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, chimbeni mfereji upande wa juu wa kaburi na mfunike shimo kwa mabati au turubai usiku. Ndoo na kamba viwe karibu. Za kushushia ziwe kamba tatu nene za mita 7 kila moja. Fupi ya hapo hulazimisha washushaji kuinama juu ya shimo, na kingo zilizolowa hubomoka.

Kuhesabu muda kutoka mwisho

Chukua mfano wa Dar hadi Moshi, takriban kilomita 550. Basi lenye waombolezaji, pamoja na vituo vya haja, foleni na ukaguzi, huchukua saa 12 hadi 13. Ibada ikiwa saa 7 mchana, mwili uwe nyumbani kabla ya saa 3 asubuhi ili wazee waliobaki waupokee na kuuona kwa utulivu. Kwa hiyo ondokeni Dar saa 12 jioni siku iliyotangulia. Kuaga kumalizike saa 11, na mwili utoke mochwari saa 7 mchana. Saa mbili za akiba zilizobaki ni za pancha na foleni ya kutoka mjini. Msizitumie kwa hotuba.

Kwa Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kwa Bukoba zaidi ya 1,400. Huko hesabuni kulala nyumbani na mwili usiku mmoja kabla ya maziko.

Madereva wawe wawili kwa kila gari, wakipokezana kila baada ya saa nne. Mwenye basi aonyeshe kibali cha safari ya kukodi cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) kabla hamjalipa malipo ya mwisho. Mafuta: Coaster iliyojaa hutumia lita moja kwa kilomita 5 hadi 7, hivyo Moshi kwenda na kurudi tenga lita 220. Andikianeni kama bei mliyokubaliana ina mafuta na posho ya dereva ndani yake, kwa sababu ugomvi wa kurudi huanzia hapo.

Anayesafiri peke yake kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, amwambie mtu wa kijijini namba ya basi. Wa Singida au Tabora wanaweza kuanza na treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi.

Pesa, chakula na watani

Daftari la rambirambi liwe moja, mwandishi mmoja, na namba moja ya simu ya kupokelea. Beba taslimu za kutosha tangu Dar, maana wakala wa kijijini huishiwa floti siku ya kwanza. Kwa watu 200, kilo 25 za mchele, 15 za maharage na 25 za nyama hutosha mlo mmoja. Zaidi ya hapo huamuliwa na shangazi na kina mama wa jikoni. Wajukuu wapeleke pesa na kuni, wasipeleke maagizo.

Tenga noti ndogondogo kwa ajili ya watani. Wanaweza kulizuia jeneza, kuingia kaburini au kumuiga marehemu mpaka walipwe. Mjukuu aliyekulia mjini asikasirike. Ni heshima kwa mzee, na wanaotoa kwa uso mkunjufu hupita haraka. Katika makabila mengi mjukuu mwenyewe ni mtani wa babu yake, kwa hiyo muulize shangazi mapema ni kazi gani inayokusubiri.

Kabla ya kurudi

Chukua tangazo la kifo urudi nalo. Watu huliacha kabatini kijijini wakidhani cheti kitatafutwa huko, lakini kifo husajiliwa wilaya kilikotokea, ndani ya siku 30, kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama babu alifia Temeke, cheti kitatoka Temeke.