Kabla hujarusha katuni yako mtandaoni

Wewe unayechora katuni na kuzichapisha mwenyewe, usirushe sura ya kwanza mkono mtupu. Weka kibindoni sura nne au tano zilizokamilika, maana wiki ya homa au ya kazi nyingi lazima ije, na msomaji akikuta kimya mara mbili haulizi, anahama.

Halafu maandishi. Kwenye kompyuta viputo vya maneno ya wahusika vinaonekana vikubwa, vikifika kwenye simu herufi zinageuka sisimizi. WEBTOON, jukwaa la katuni za mtandaoni, kwa mfano, hupokea picha zenye upana wa pikseli 800. Chora kwa upana mara mbili au zaidi (faili kubwa itakufaa siku ukitaka kuchapa kitabu), kisha ipunguze, ifungue kwenye simu yako na unyooshe mkono. Ukikodoa macho, ongeza herufi. Mimi huwa naongeza hata nikisita.

Ukitangaza, toa fremu moja tu, ile inayomwacha msomaji na hamu, kama mtu ameshika kitasa cha mlango. Jina lako na anwani ya tovuti viandike ndani ya mchoro wenyewe, maana vikiwa pembezoni hukatwa.