Kupima protini za damu na spektrometa ya masi (na ile urea, usiipashe moto!)

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa hapa Bukavu, iko anaandika memware (kazi ya kumaliza chuo), alinipigia saa nne ya usiku akilia ju ya plasma yake (maji ya damu bila seli), njo nikasema bora niandike yote mara moja, toka damu mpaka spektrometa, ile mashini inayopima uzito wa vipande vya protini.

1. Damu kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), zungusha kwenye santrifuji, toa plasma, gawanya kidogo kidogo, weka kwenye friza ya digri -80. Hii munajua. Tu kama plasma iko nyekundu, seli zimepasuka, itupe.

2. Pima wingi wa protini na BCA (kipimo cha rangi), chukua mikrogramu 50. Albumini peke yake inapita nusu ya protini zote za plasma, kwa hiyo kama unatafuta zile ndogo ndogo, iondoe kwanza.

3. Urea. Hapa kaa chini, ju hapa njo nilipotezaka sampuli 24 na siku tatu. Urea mola 8 inakunjua protini ili tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) ipate pa kukata, lakini ndani ya maji inageuka polepole kuwa sianati, na ukiipasha moto inakimbia. Sianati inashika lisini, na tripsini inakata tu nyuma ya lisini na arjinini (asidi amino mbili za protini), sasa lisini ikishashikwa haikatwi tena. Ile siku umeme ilikuwa inaenda inarudi, nikasema ngoja nimalize haraka, nikatia DTT (dawa inayofungua vifungo vya salfa vya protini) nikapandisha joto mpaka digri 60. Matokeo kurudi, peptidi (vile vipande vya protini) ndefu ndefu, nyingi zimeongezeka dalton 43 (uzito wa sianati iliyoshika), nikaandikia watu wa mashini barua ya ukali, kumbe ni mimi.

Basi urea iyeyushe siku ile ile, ya jana imwage hata kama inauma. DTT milimola 5, saa moja, joto ya chumba tu. Kisha iodoasetamidi (inazuia vile vifungo visijirudie) milimola 15, nusu saa, gizani, funika na karatasi ya aluminiumu. Halafu punguza urea na bafa ya pH 8 iende chini ya mola 1: mikrolita 50 unajaza mpaka 450. Ukisahau hii, tripsini inalegea, asubuhi unakuta protini nzima nzima.

4. Tripsini mikrogramu 1, digri 37, usiku kucha. Umeme ikikatika mimi natia tyubu ndani ya thermos ya chai yenye maji ya 37, mucheke tu.

5. Asidi ya fomiki mpaka pH chini ya 3, safisha na C18 (kichujio kinachoshika peptidi na kuacha chumvi), kausha. Tafadhali usitume plasma kama unaweza kutuma peptidi kavu! Plasma inataka barafu kavu njia yote mpaka Kigali, ukikwama mpakani imekwisha. Ganti kila wakati, na jaketi ya sufu iache nje, keratini yake (protini ya manyoya) itajaa kwenye matokeo.

6. Kompyuta: MaxQuant, programu ya kusoma matokeo, ni ya bure, za kulipia achana nazo. FDR (kiasi cha majibu ya uongo unayokubali) 1%. Kwenye mabadiliko ya kutafuta ongeza kabamilasheni (ile sianati kushika protini), zikitokea nyingi rudi namba 3.