Namna ya kuandaa potifolio ya muuguzi: vyeti, stadi na ile sehemu ya tafakari inayowasumbua wengi

Mwenzangu wa wodini aliitwa kwenye usaili wa nafasi ya usimamizi na kuambiwa aje na potifolio. Alikuwa na bahasha nene ya vyeti, akaamini kazi imekwisha. Tulikaa tukaipanga upya, na mwongozo huu unafuata mpangilio tuliotumia. Utamfaa pia anayemaliza chuo na anayejiandaa kuhuisha leseni.

Wasifu unaeleza umefanya kazi wapi na lini. Potifolio, yaani mkusanyiko wa nyaraka na maandishi kuhusu kazi yako, huonyesha unachokimudu, na kila dai linakaa na ushahidi wake. Ukisema unaweza kumhudumia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, msomaji atataka kujua ni nani aliyekuona ukifanya hivyo.

Hatua ya 1: Kusanya nyaraka

Cheti cha usajili, leseni, cheti cha chuo na matokeo yake, barua za ajira, fomu za tathmini ya kazi, vyeti vya mafunzo mafupi. Skani zote kwa rangi, mbele na nyuma, uzihifadhi kama PDF. Picha za simu zilizopigwa juu ya kitanda zinachukiza machoni mwa msaili, ziache.

Hakikisha jina lako linafanana kwenye kila hati. Kama lilibadilika baada ya ndoa, au herufi moja inatofautiana, weka hati ya kisheria inayothibitisha hilo mara tu baada ya cheti chenye jina la zamani. Na kama unawaza kusajiliwa nchi nyingine, fahamu kwamba mabaraza mengi ya uuguzi hayaridhiki na nakala zinazotoka mkononi mwa mwombaji. Yanataka chuo chako na baraza lako watume uthibitisho wenyewe, moja kwa moja.

Hatua ya 2: Jedwali la mafunzo endelevu

Tengeneza safu tano: tarehe, mada, aliyefundisha, saa, na nilichobadilisha kazini. Safu ya tano ndiyo wengi huiacha wazi, na ndiyo ninayoanza kuisoma ninapopewa potifolio ya mtu.

Fuata masharti ya baraza lako. Ukitaka mfano wa mfumo uliokamilika, tazama wa baraza la uuguzi na ukunga la Uingereza, NMC, ulioanza Aprili 2016. Kila baada ya miaka 3 muuguzi anatakiwa awe na saa 450 za utendaji na saa 35 za mafunzo, 20 kati ya hizo akijifunza pamoja na wengine. Juu ya hapo anawasilisha maoni matano kuhusu kazi yake na tafakari tano alizoziandika, yaani maelezo mafupi ya tukio la kazini na alichojifunza, kisha anazijadili na mwenzake aliyesajiliwa. Hata usipofanya kazi huko, mpangilio huo unakuonyesha potifolio inapaswa kubeba nini.

Andika pia tarehe ya kuisha muda. Vyeti vya huduma ya msingi ya kuokoa maisha vya American Heart Association, kwa mfano, vinadumu miaka 2 tu.

Hatua ya 3: Orodha ya stadi

Napenda kutumia ngazi tano alizozieleza Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, mwaka 1984: anayeanza, aliyepiga hatua kidogo, anayemudu, mahiri na mbobezi. Jipime kwa kila stadi peke yake. Muuguzi mbobezi wa kumhudumia mama baada ya upasuaji anaweza kuwa anayeanza kabisa kwenye huduma ya mtoto njiti, na kuandika hivyo waziwazi hujenga imani. Stadi za juu ziwe na saini ya msimamizi na tarehe. Iombe saini siku hiyohiyo, maana wasimamizi huhama.

Hatua ya 4: Tafakari

Hapa ndipo saa nyingi huishia, kwa sababu mbili: watu hawajui waandike nini, na wakijua, wanamweka mgonjwa hadharani.

Tuanze na cha kuandika. Vyuo vingi hufundisha mzunguko wa tafakari wa mtaalamu wa elimu Graham Gibbs wa mwaka 1988: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Ni mzuri kwa mwanafunzi. Kwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku mimi napendekeza maswali matatu ambayo John Driscoll aliyaingiza kwenye uuguzi: Nini kilitokea? Kina maana gani? Sasa nifanye nini? Ukurasa mmoja unatosha.

Chagua tukio dogo. Watu hukimbilia mgonjwa aliyezimia, wakati mambo ya kukabidhi zamu yana mafunzo tele. Mwenzangu alikuwa na rasimu iliyomalizika kwa “nilijifunza umuhimu wa mawasiliano”. Sentensi hiyo haimwambii msomaji chochote. Nikamuuliza: siku hizi unafanya nini ambacho hukuwa unakifanya? Akajibu kwamba sasa, anapopokea zamu, anasimama kitandani na anayeondoka, wanasoma pamoja kasi ya dripu na chati ya maji yanayoingia na kutoka, ndipo mwenzake anakwenda. Nikamwambia aandike hilo, kama alivyolisema.

Sasa usiri. Kuondoa jina hakutoshi. Chukua sentensi hii ya mfano: “Tarehe 14, mama wa miaka 43 aliyejifungua mapacha watatu, kitanda cha sita.” Haina jina, lakini yeyote wa eneo hilo atamjua. Kama somo lilihusu kutokwa damu baada ya kujifungua, iandike hivi: “Mama aliyejifungua karibuni alianza kutokwa damu nyingi.” Tarehe, umri kamili, namba ya kitanda, jina la wodi na ugonjwa adimu, vyote viondoke kama somo linasimama bila hivyo. Kipimo changu ni hiki: je, mgonjwa au ndugu yake akisoma atajitambua? Kama ndiyo, andika upya.

Kuna mitego mingine, na kila mmoja nimeuona kwenye potifolio za watu:

- Ukichora mstatili mweusi juu ya jina kwenye programu ya kuandikia kisha ukahifadhi kama PDF, maandishi yanaweza kubaki chini yake. Anayesoma akiyanakili na kuyabandika kwingine, jina linatokea zima. Futa maneno yenyewe, usiyafunike.
- Kalamu nyeusi juu ya karatasi nayo huvuja siri, maana skana yenye mwanga mkali inaweza kuonyesha herufi za chini.
- Picha ya kidonda haina nafasi humu bila idhini ya mgonjwa na ya kituo. Hata idhini ikiwepo, kagua nyuma ya picha: mkanda wa mkononi, ubao wa kitanda, faili lililoachwa wazi. Simu pia huweza kuhifadhi mahali na saa ndani ya picha.
- Kadi za shukrani za wagonjwa zina majina na saini. Nukuu ujumbe, acha kadi nyumbani.
- Majina ya mafaili. Unaweza kusafisha ukurasa wote, kisha jina la mgonjwa likabaki kwenye jina la faili.
- Wenzako nao wana haki. Andika “daktari wa zamu”, “muuguzi mwenzangu”.

Tukio likiwa chini ya uchunguzi, taarifa ya tukio inakwenda kwanza kwa utaratibu wa kituo. Tafakari haichukui nafasi yake, wala si mahali pa kumlaumu mtu.

Hatua ya 5: Maoni ya wengine

Omba maoni mahususi. “Nieleze ulivyoniona nikimwelekeza mwanafunzi kuweka kaniula (mrija mdogo wa kwenye mshipa)” huleta jibu lenye uzito kuliko “niandikie barua nzuri”.

Hatua ya 6: Mahali pa kuihifadhi

Folda za kawaida na PDF, basi. Siziamini tovuti za kulipia, na mfumo wa mwajiri ni mbaya zaidi, kwani siku unapoacha kazi akaunti hufungwa na kazi yako inabaki ndani. Tumia barua pepe yako binafsi, weka nakala sehemu mbili, na anza jina la kila faili kwa mwaka ili zijipange zenyewe.

Kwa usaili, chapisha toleo fupi kwenye faili la pete: yaliyomo, leseni, jedwali la mafunzo, stadi zinazohusu nafasi hiyo, tafakari mbili na maoni. Kisha soma tangazo la kazi tena, na kwa kila sifa iliyotajwa andika namba ya ukurasa wenye ushahidi wake. Karatasi hiyo iweke mwanzoni kabisa.